Lengo Lililokwama Katikati: Mwongozo Kamili wa Kupata Nguvu Mpya kwa Imani

Mwezi wa saba, mwaka juzi, nilikwenda kukiangalia kiwanja changu Kihonda, Morogoro, baada ya miezi 11 ya kukikwepa. Msingi ulikuwa umezama kwenye majani. Mahali ambapo kwenye ramani ni sebule, mama jirani alikuwa amepanda mchicha, na ulikuwa umestawi kweli. Alipotoka akaanza kuniomba radhi, nikamwambia, "Chuma tu mama, usihofu." Nilikaa juu ya tofali nikaiangalia milima ya Uluguru, na sikusikia hasira wala huzuni. Sikusikia chochote. Hapo ndipo nilipojua nimechoka kweli.

Usiku wa mkesha wa mwaka mpya nilikuwa nimeandika "kuinua boma" kwenye karatasi, nikaitia kwenye bahasha ya sadaka na kuipeleka madhabahuni. Niliamini kabisa. Kwa hiyo uchovu ule ulinitia aibu maradufu: nilimwaibikia fundi, na nilimwaibikia Mungu.

Mwongozo huu ni kwa aliyeanza, akaomba, kisha akaishiwa nguvu. Lengo lako laweza kuwa kurudia mtihani, kuacha pombe, kurejesha mtaji wa duka, kumaliza chuo ukiwa na watoto, au nyumba kama mimi. Hatua hizi zilinichukua kama miezi sita, na nyingine nilizirudia. Usijaribu kuzimaliza usiku mmoja wa maombi.

Hatua ya 1: Kula, lala, usiamue lolote kwa wiki moja

Fungua 1 Wafalme sura ya 19. Eliya ametoka mlima Karmeli, moto umeshuka, mvua imerudi nchini. Kisha Yezebeli anatuma mjumbe wa kumtishia, na mtu yule yule aliyesimama mbele ya manabii 450 wa Baali anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe.

Angalia Mungu alivyomtendea. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Mara ya pili malaika akamwambia ale, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo kuhusu kazi iliyobaki yalikuja baadaye sana, baada ya siku 40 za kutembea mpaka Horebu.

Basi wiki hii ya kwanza usipange chochote. Lala mapema, hata kama ni kwa kuiacha simu chumba kingine. Kula chakula cha kushiba kwa saa zake. Nenda ibadani kama kawaida, lakini kama unaongoza kwaya, unafundisha watoto wa Sunday school na kuweka hesabu za kikoba, omba mtu akushikie kimojawapo kwa mwezi mmoja. Najua inavyokuwa ngumu kumwambia mzee wa kanisa "naomba nipumzike". Mwambie tu.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote. Kama hali hii imedumu wiki nyingi, usingizi umekukimbia, hufurahii hata watoto wako, au unawaza kufa kama Eliya, nenda hospitali na umweleze daktari hivyo hivyo bila kupunguza. Mwambie na mtu mmoja wa karibu siku hiyo hiyo, asikuache peke yako. Mchungaji mwema atakuombea na atakusindikiza kliniki. Akikuzuia kwenda kwa daktari, huyo usimsikilize.

Hatua ya 2: Mwambie Mungu ilivyo, pasipo sauti ya jukwaani

Wengi wetu tumezoea maombi ya kutangaza ushindi. Yana mahali pake. Lakini moyo uliochoka ukitangaza ushindi kila asubuhi unaanza kujisikia mwongo, na mtu anayejisikia mwongo mbele za Mungu huacha kuomba kimya kimya. Mimi niliacha karibu miezi miwili, huku bado nikiimba sauti ya pili kila Jumapili.

Zaburi zimejaa malalamiko. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana "hata lini". Nehemia, yule aliyekuja kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu, aliposikia kwamba ukuta huo umebomoka na malango yake yameteketezwa, aliketi, akalia, akaomboleza siku kadhaa, akafunga. Kisha kuanzia mwezi wa Kisleu mpaka Nisani, yapata miezi minne, hakuna jiwe aliloinua. Alikuwa akiomba.

Chukua daftari. Andika barua kwa Mungu kuhusu lengo lako, ukurasa mmoja unatosha. Andika ulichotaka, kilichotokea, unachokionea aibu, na unayemkasirikia, hata kama ni Yeye. Yangu ilianza hivi: "Baba, nimechoka kujenga. Nimechoka kuulizwa nimefikia wapi. Nilidhani ukiwa upande wangu isingekuwa ngumu hivi. Sijui kama bado naitaka ile nyumba." Niliisoma kwa sauti jikoni, mlango ukiwa umefungwa, nikalia. Ilikuwa mara ya kwanza kulia tangu msingi usimame.

Hatua ya 3: Uliza lengo hili ni la nani

Katika ile barua nilikuwa nimeandika kwamba sijui kama bado naitaka nyumba. Nilipokaa na sentensi hiyo nikagundua ninaitaka sana nyumba, ila siitaki ile ya kwenye ramani. Ramani ilikuwa ya vyumba vinne, kimoja kikiwa na choo ndani, na kibaraza cha nguzo za mviringo. Naishi na mama yangu na mtoto mmoja. Nguzo zile niliziona nyumbani kwa mwenzangu wa kwaya, kwenye shughuli ya kipaimara.

Yakobo 4:3 inasema tunaomba wala hatupati kwa sababu twaomba vibaya, ili tuvitumie kwa tamaa zetu. Mstari huu umetumika kuwapiga watu, nami sitaki kukupiga nao. Uchukue kama swali. Andika lengo lako juu ya ukurasa, kisha ujibu kwa maandishi: Kama hakuna mtu atakayeniona nikilifikia, bado nalitaka? Nani atapata nafuu likitimia, mbali na mimi? Je, kulifuata kunanifanya niibe muda wa watoto, nidanganye, nimchukie mtu? Nilipolianza nilikuwa na amani nalo, au nilikuwa nakimbizana na mtu?

Waulize swali la mwisho watu wawili wanaokufahamu, maana hapo mtu hujidanganya kwa urahisi.

Majibu huleta moja ya mambo matatu. Lengo linabaki lilivyo, linapunguzwa, au linaachwa. Kuliacha lengo ambalo halikuwa lako ni utii, wala usikubali mtu akuite mwenye imani haba kwa hilo. La kwangu lilipunguzwa: vyumba viwili, sebule, jiko, choo. Msingi uliobaki nje ya kuta, fundi alisema utafaa kwa jiko la kuni na mahali pa mama kuota jua.

Hapa pia niliusoma upya Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Nilikuwa nimeubandika ukutani juu ya cherehani. Paulo aliuandika akiwa kifungoni, na mistari inayoutangulia inasema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anayoyaweza ni kubaki imara katika hali zote mbili. Mstari ule uliniinua zaidi nilipouelewa hivyo kuliko nilipoudhani ni ahadi ya nguzo za mviringo.

Hatua ya 4: Zunguka ukuta usiku, uhesabu kilichobomoka

Hii ndiyo hatua iliyonibadilisha, na ndiyo tunayoiruka mara nyingi kwa kudhani kuhesabu ni kukosa imani.

Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, bila kumwambia mtu yeyote Mungu alichokitia moyoni mwake. Akautazama ukuta uliobomoka na malango yaliyoungua. Mahali pengine kifusi kilizuia hata mnyama aliyempanda kupita. Yesu naye, katika Luka 14, anauliza ni nani atakaye kujenga mnara asiyeketi kwanza akahesabu gharama, na anataja kabisa aibu ya aliyeweka msingi akashindwa kumaliza. Nilipousoma mstari ule nikiwa na msingi wenye mchicha, nilifunga Biblia kwanza.

Tenga jioni moja. Andika mambo manne: nilichonacho, ninachodaiwa, muda wangu unakokwenda, na siku hasa nilipoacha. Hilo la mwisho lina maana kubwa. Usiandike "nilichoka tu." Tafuta wiki ile. Kulikuwa na nini?

Mimi niliipata. Fundi alikuwa amebakiza kozi moja ya msingi, saruji imepungua, na mimi sikutaka aondoke. Nikaenda kuchukua mkopo wa kausha damu, laki 5, kurejesha 22,000 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu: ni 660,000. Kila asubuhi kabla sijashona hata pindo, hela ya kwanza ilikuwa ya mkusanyaji. Wiki ya tatu nikachukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Na mwezi ule ule ndio nilioanza kuomba, "Bwana, nirudishie moyo wa kujenga." Moyo wangu ulikuwa mzima. Ulikuwa umekabwa na marejesho.

Nehemia sura ya 5 imekaa katikati kabisa ya habari za ukuta. Watu wanapiga kelele: wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, wengine wamekopa kwa ajili ya kodi ya mfalme, watoto wao wanatiwa utumwani. Wanaowadai ni ndugu zao wenyewe. Nehemia hawaambii waongeze maombi wakaendelee kupanga mawe. Anakasirika, anaitisha kusanyiko kubwa, anawataka wenye kudai warudishe mashamba na ile sehemu ya mia waliyotoza.

Basi kama kuna deni, ugomvi au ugonjwa unaokunyonya, hilo ndilo lengo lako la kwanza sasa. Niliusimamisha ujenzi rasmi kwa miezi minne. Nilimwambia fundi, nikamwambia mama. Jumuiya yetu ina mfuko wa kusaidiana. Nilikwenda kwa mhasibu wake nikamweleza yote, pamoja na mkopo wa pili, nikakopeshwa bila riba kiasi cha kuzima ile mikopo. Nililipa kidogo kidogo kila Jumatano. Siku nilipomaliza, nilirudi nyumbani nikashona mpaka saa sita usiku kwa raha tu.

Na jambo hili lazima niliseme. Ukiwa umekwama, atatokea mtu wa kukuahidi kwamba ukitoa sadaka fulani kubwa, au ukinunua mafuta au maji yake, mlango utafunguka ndani ya siku kadhaa. Ada ya mtoto na hela ya dawa usivipeleke huko. Mtoaji wa kweli hutoa kwa furaha, alivyokusudia moyoni mwake, kama Paulo anavyosema katika 2 Wakorintho 9:7. Anayekutia hofu ili utoe hakuhubirii Injili.

Hatua ya 5: Jenga kipande kinachoelekea nyumba yako

Nehemia sura ya 3 ni orodha ndefu ya majina, nayo husomwa kwa kuchosha. Lakini ndani yake neno moja linajirudia: fulani alijenga kuielekea nyumba yake. Kuna mfua dhahabu, kuna mtengeneza marhamu, kuna mtu na binti zake. Hakuna hata mmoja aliyepewa ukuta mzima.

Habakuki aliambiwa aiandike njozi, aifanye iwe wazi sana katika vibao, aisomaye apate kusoma kama maji. "Kujenga" haisomeki kama maji. Nilichoandika ni hiki: tofali za mfuko mmoja wa saruji kila mwezi. Fundi wangu hutoa tofali 35 kwa mfuko, za inchi 6. Ni chache mno, nami nilizionea aibu mpaka nilipokutana na Zekaria 4:10, panapoulizwa ni nani aliyeidharau siku ya mambo madogo.

Fanya hivyo na lako. Anayerudia mtihani wa hesabu aandike "maswali matano ya aljebra kila usiku baada ya watoto kulala." Anayeacha pombe asiandike "kuacha milele." Aandike njia atakayopita kutoka kazini ili asipite pale baa, na nani atakayempigia saa 12 jioni. Na ajue kwamba aliyekuwa akinywa sana kila siku hatakiwi kukata ghafla bila kumwona daktari, kwa sababu mwili unaweza kupata mshtuko wa hatari. Anayeinua mtaji aandike kiasi kinachoingia kwenye kibubu kabla ya kununua mboga.

Kipimo changu ni kimoja: je, naweza kulifanya hata kwenye wiki mbaya? Kama siwezi, nalipunguza tena.

Hatua ya 6: Dakika 20 za asubuhi

Sura moja fupi, au nusu yake. Sala. Kisha andika tendo moja la leo linalohusu lengo lako, na ulifanye kabla ya saa nne kama kazi yako inaruhusu. Mimi huanza saa 11 na nusu, kabla mama hajaamka, kwa taa ya cherehani.

Wiki ya kwanza soma Maombolezo sura ya 3, hasa pale panaposema rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, ukikumbuka aliyeandika alikuwa anautazama mji uliobomolewa. Baada ya hapo pita kitabu chote cha Nehemia, kina sura 13 tu.

Ukitaka kufunga, siku moja kwa wiki inatosha. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mjamzito au anayenyonyesha aongee na daktari kwanza. Anaweza kufunga simu au televisheni. Hela ya chakula ambacho hukula mpe mwenye njaa, ndivyo Isaya 58 inavyoagiza. Na siku ya kupumzika iwe ya kupumzika kweli. Jumapili sihesabu tofali.

Hatua ya 7: Wawili wajue, wengine wasubiri

Niliwahi kutangaza ujenzi wangu kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, pamoja na picha. Pongezi zilikuwa nyingi hata nikajisikia nimeshamaliza. Kisha zikaja "vipi, tunakuja lini kula ubwabwa?" nikaanza kuwakimbia watu.

Sasa wanajua wawili: mama, na dada mmoja wa jumuiya ambaye naye anamalizia diploma ya uuguzi. Kila Jumatano baada ya ibada tunabaki nje dakika kumi. Ananiuliza, "Mfuko umenunuliwa?" Namuuliza amesoma kurasa ngapi. Tunaomba, tunaachana. Mhubiri 4 inasema wakianguka, mmoja atamwinua mwenzake. Chagua mtu asiyekuonea wivu na asiyekuonea huruma kupita kiasi. Wale akina Sanbalati na Geshemu (maadui wa Nehemia) wa kwako, wanaokuita kila mara mkazungumze yasiyojenga, wajibu kama Nehemia alivyowajibu mara nne: anafanya kazi kubwa, hawezi kushuka.

Hatua ya 8: Jitayarishe kwa nusu

Utachoka tena. Nehemia 4:6 inasema ukuta ulifika nusu ya kimo chake, watu wakiwa na moyo wa kazi. Mistari minne mbele, watu wa Yuda wanasema wachukuzi wameishiwa nguvu na kifusi ni kingi, hawawezi kuujenga. Wakati huo huo adui anatisha. Nehemia anawapanga kwa jamaa zao, kila mmoja karibu na wake, anamweka mpiga tarumbeta kando yake, na mwenye kusikia tarumbeta anajua pa kukimbilia. Ukuta ule ulikamilika tarehe 25 ya mwezi Eluli, kwa siku 52.

Tarumbeta yako iandae sasa. Andika kwenye jalada la daftari: nikikosa wiki mbili mfululizo, nampigia fulani. Mimi nilikosa mwezi wa pili na wa tatu mwaka huu mama alipolazwa. Kabla sijaanza kujilaumu, dada yule akaja wodini na uji, akasema tofali 210 ziko pale pale kiwanjani, hakuna aliyezila. Hatukuanza kuhesabu upya. Mwezi wa nne ukawa mfuko wa saba.

Isaya 40:31 huishia kwa kutembea: kwanza kupanda kwa mbawa kama tai, halafu kupiga mbio, halafu kwenda kwa miguu bila kuzimia. Siku nyingi za lengo langu ni za miguu, na nimeacha kuziona kama siku za imani ndogo.

Kila mfuko unapokwisha, dada yule na mimi tunaandika tarehe kwenye tofali moja kwa mkaa, kwa mfano wa Samweli aliyesimamisha jiwe na kuliita Ebenezeri, "Hata sasa BWANA ametusaidia." Mvua huzifuta, tunaziandika tena. Wiki iliyopita mama jirani alituona, akauliza tunaandika nini, nikamweleza. Akaingia ndani akarudi na fungu la mchicha, akasema huu ni wa mwisho kutoka sebuleni, maana fundi anarudi Jumatatu.